Wageni Wasiolishwa

Ndahani alifungua koki ya tenki, na walaji wakaanza kumwagika mahali ilipokuwa nyumba ya shangazi yangu.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba ni mabuu. Mabuu nayajua. Nimeshafagia vyoo, nimeshatoa nguruwe aliyefia shimoni. Lakini hawa walikuwa na urefu wa kidole cha kati, rangi ya kijivu, na walitoka kwenye bomba wameshikana kwa ute kama makohozi ya mtu mwenye kifua. Walianguka kwenye majivu, wakatulia kidogo, kisha wakajinyoosha wote kwa pamoja kuelekea lilipoungulia godoro. Shangazi Onorata alisogea mbele awaone vizuri. Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa mianzi.

Mianzi ndiyo iliyobaki. Moto ulianzia kwenye mashamba ya misonobari juu ya kilima, ukashuka kitongojini kwetu Nyalumbe kwa mchana mmoja. Ulikula nyumba, mabanda ya nguruwe, maghala ya mahindi na kanisa. Ulipofika bondeni, kwenye mianzi ambayo shangazi aligema ulanzi, ile pombe tamu ya mianzi, tangu kabla sijazaliwa, upepo ukageuka. Tulirudi tukakuta mianzi ya kijani imesimama pembeni ya uwanja mweusi, na nguruwe wetu wanne wamelala banda moja, ngozi zimepasuka, matumbo yamevimba.

Ndahani alikuwa mswagaji wa walaji kutoka Idara ya Urejesho, kijana mrefu wa Kigogo aliyevaa viatu vya mpira mpaka magotini. Mkononi alikuwa na taa yenye mwanga wa zambarau. Kila mlaji aliyejaribu kutoka nje ya eneo lililoungua alimulikwa, akajikunja, akarudi kwa wenzake. Alitueleza kazi yao huku akizunguka.

Moto wa siku hizi, alisema, hauachi majivu matupu. Unaacha rangi za mabati, betri za sola, magodoro, mabeseni, dawa za shambani. Vyote hivyo vimeyeyuka vikaingiliana, na mvua ikinyesha vinashuka kwenye chemchemi. Kuna bonde moja upande wa pili wa wilaya ambako watu walizoa wenyewe kwa majembe, zamani kabla ya walaji. Mvua za pili zilipokwisha, watoto walianza kuoza fizi. Ndipo wataalamu wakamtengeneza mlaji. Ametengenezwa ale kilichopitiwa na moto. Sumu anaifungia ndani ya mwili wake, na mwili huo hauiachii tena imfikie mtu wala udongo.

"Halafu?" aliuliza shangazi.

"Halafu wanakwisha chakula. Wanarundikana pamoja, wanakufa, wanakauka. Tunaita mkate. Mkate ninaubeba, unakwenda kufukiwa kwenye shimo la zege, na nyinyi mnajenga."

"Wanakufa kwa nini?"

"Kwa njaa, shangazi."

Shangazi aliwatazama walaji, ambao sasa walikuwa wamefika kwa nguruwe. Nilisikia sauti kama watu wengi wanatafuna muwa huku wamefumba midomo. Ngozi ya nguruwe wa kwanza ilianza kucheza kwa ndani. Kisha tumbo likashuka, likatoa hewa, na harufu ikatufikia. Nilikimbilia nyuma ya mianzi nikatapika uji wote wa asubuhi.

Niliporudi, Ndahani alikuwa anatoa agizo. Alilisema taratibu, kama mtu aliyelisema mahali pengi.

"Msiwape chochote. Hata wakionekana wanakufa. Hasa wakionekana wanakufa."

Shangazi akamuuliza, na yeye je, atakula nini? Ndahani akasema anashukuru, ameshiba, alikula njiani.

"Mgogo anakataa chakula," shangazi alisema. "Kweli dunia imekwisha."

Ndahani akacheka. Alisema anaogopa kula Uheheni, maana hajui kama nyama ya huku haikuwa ikibweka getini. Shangazi akamwambia akae chini asitukane watu. Akakataa tena. Shangazi akamwekea sahani miguuni bila kumuuliza mara ya tatu, ugali na maharage tuliyopewa kambini, na kikombe cha ulanzi. Ndahani akavua glavu, akanawa, akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

Hivyo ndivyo kwetu. Anayekuja kukufanyia kazi husema hataki kitu, nawe humpa. Asiposema hivyo ataonekana mlafi, na wewe usipompa utaonekana huna haya.

*

Walaji walimaliza kwa shangazi baada ya siku kadhaa. Tulikuwa tunalala kwenye mahema uwanja wa mpira, lakini kila mchana shangazi alitaka twende kuwaona. Mimi sikutaka. Nilikwenda kwa sababu sijui kumkatalia.

Pale palipokuwa na jiko, sebule na banda pamebaki udongo mwekundu, mtupu, umelambwa. Hakukuwa na hata msumari. Nilipaswa kufurahi. Lakini udongo ule uling'aa kwa ute uliokaukia, nikaona kama nyumba yetu imelambwa na mbwa.

Walaji walikuwa wamerundikana mahali pa banda la nguruwe. Walikuwa wamenenepa kwa sumu, weusi kuliko mwanzo, na ngozi zao zimeanza kuingia makunyanzi. Hawana sauti. Lakini walisuguana, maelfu kwa maelfu, na msuguano ule ulitoa mlio mwembamba kama mtoto anayelia akiwa chini ya blanketi. Waliokuwa juu ya rundo waliinua vichwa vyao vyeusi, wakavigeuza huku na huku.

"Wanatafuta," alisema shangazi.

Nilimwambia twende. Akasema nitangulie. Nilifika barabarani, nikageuka kwa kuwa sikumsikia nyuma yangu, nikamwona amepiga magoti kando ya rundo akiwa na ndoo. Alikuwa anamimina ulanzi kwenye beseni, na pembeni yake aliweka ugali aliouficha kwenye khanga. Walaji waliteremka kutoka kwenye rundo kama uji unaofurika. Walifunika beseni. Walipanda wao kwa wao, wakazama kwenye ulanzi, wakatoka wamevimba na rangi imegeuka kuwa ya njano kama usaha.

Nilirudi. Nilimwambia kwamba Ndahani amekataza.

"Ndahani ana adabu," alisema. "Na yeye mwenyewe alikataa, hukumwona alivyokula? Amewasemea mifugo yake kama mgeni anavyosema." Alijifuta mikono kwenye khanga ileile. "Tilda, mwanangu, hawa wamekula mizoga yetu. Mizoga ambayo wewe ulishindwa hata kuitazama. Wametusafishia choo chetu na kitanda chetu. Halafu niwaache wafe njaa mlangoni kwangu? Nikikuambia mtu alifanya hivyo kwa kibarua wake utamwitaje?"

Niliona kinyaa kwa walaji, nikaona kinyaa kwa beseni, ambalo ndilo tulilokuwa tukinawia. Lakini neno lake niliona ni la kweli, na hilo lilinisumbua zaidi ya harufu.

Kesho yake Ndahani alikuja akaubeba mkate. Ulikuwa bamba kubwa jeusi, gumu, lenye alama za miili iliyobanana. Aliugonga kwa kiatu, akaridhika. Hakutazama kwenye mianzi.

*

Idara ilikuwa na tenki moja kwa ajili ya Nyalumbe. Ndahani alihama nalo nyumba kwa nyumba, akimwaga, akisubiri, akibeba mkate. Aliacha nyumba ya mama Imelda iwe ya mwisho, kwa sababu ilihitaji walaji wengi kuliko zote, wote watakaobaki tenkini. Baba Imelda alikuwa akiuza dawa za kuulia wadudu kwa wakulima wa viazi na nyanya, na ghala lake liliungua lote. Eneo hilo liko juu kabisa ya chemchemi ya Kihanga, ambayo ndiyo tunayokunywa sote. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kilimani kila alasiri, na kila mtu aliyatazama kisha akatazama tenki lilipofikia.

Baba Imelda mwenyewe alikuwa hemani. Aliingia bandani wakati wa moto ili afungue nguruwe, na bati la moto likamwangukia mgongoni. Alilala kifudifudi. Muuguzi alikuja kumbadilisha bandeji, na siku hizo watu wa mahema ya jirani waliondoka kwenda kutembea, kwa sababu ya harufu.

Wakati huo shangazi alinituma mianzini kukinga ulanzi. Ukikata ncha ya mwanzi mchanga, unaning'iniza mbeta, yaani kipande cha mwanzi chenye tundu, na maji matamu yanadondokea humo mpaka yachachuke. Mbeta ya kwanza niliyoishusha ilikuwa nzito isivyo kawaida. Niliiinamisha juu ya ndoo, lakini hakikutoka kitu. Nikachungulia.

Ndani mlikuwa na vifukofuko. Vilikuwa vya kahawia, vimebanana kama mbegu za nyonyo ndani ya ganda, vimeshikana kwa utando uliolowa ulanzi. Nilishusha ya pili. Ya tatu. Karibu kila mbeta ilikuwa navyo. Walaji walioshiba hawakurudi kwenye rundo kufa. Walipanda mianzi, wakafuata utamu ulikotoka, wakanywa mpaka wakakua.

Nilitoa kimoja kwa kijiti, nikakipasua kwa kucha juu ya jiwe. Kilitoa maji ya rangi ya chai. Katikati ya maji yale kulikuwa na kitu kilichokunjwa, kina miguu yenye nywele, kina macho makubwa kuliko kichwa, na mgongoni kina mbawa mbili zilizolowa. Kilitikisa mguu mmoja. Nilikiponda kwa jiwe, nikaendelea kuponda mpaka pasibaki kitu, na mkono wangu ukanuka kama ulanzi na mzoga pamoja. Niliusugua kwa mchanga mpaka ukachubuka.

Nilimkuta Ndahani akifunga mabomba karibu na palipokuwa kanisa. Si kawaida yangu kumwanza mtu kwa maneno, hasa mwanamume, kwa hiyo nilisimama mpaka akaniuliza ninataka nini. Nikamuuliza, kama mtu anayetaka kujua tu, mlaji akipewa chakula inakuwaje.

Aliweka bomba chini.

Alinieleza kwamba mlaji ni buu lililonyimwa ukubwa. Makaa na plastiki iliyoungua vinamjaza tumbo lakini havimkuzi. Njaa yake ndiyo kufuli. Akipata kitu ambacho hakikuungua, kitamu hasa, anapata nguvu ya kufunga kifukofuko, na kutoka humo hutoka nzi. Nzi huyo hutaga popote moto ulipopita, maana ndipo watoto wake watakapokula.

"Jikoni?" niliuliza.

"Jikoni ni afadhali. Kwetu walimwagwa baada ya moto wa mbuga. Kuna mtu aliwapa maziwa, mpaka leo hajulikani. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa na alama za umiliki, zile za chuma cha moto. Kovu la zamani, limepona kabisa. Nzi walitaga humo humo. Tulikuwa tunamtazama ng'ombe amesimama anakula majani, na ubavuni mwake kuna tundu la umbo la herufi ya jina la baba, linachimbwa kwa ndani."

Akilini nilimwona baba Imelda amelala kifudifudi.

Nikamuuliza, idara ikijua hufanya nini. Alisema huja na chokaa. Humwaga kwenye walaji wote na kwenye tenki pia, kwa sababu wachache wanaobaki hai hurudishwa humo, na hakuna anayeweza kujua yupi ameonja na yupi hajaonja. Huwezi kuwachoma, majivu yao ndiyo chakula cha wenzao. Kisha hakuna tenki jingine mpaka mvua zipite. Vifukofuko vikishakuwa vyeusi, alisema, hakuna tena cha kufanya.

Alinitazama. "Kwa nini unauliza, dada?"

Nikasema bure tu. Aliendelea kunitazama mpaka nilipopotea kwenye kona ya njia.

*

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alichukua ndoo, tukaenda mianzini, tukashusha mbeta moja moja, tukazimwaga juu ya jiwe. Tulikamua vifukofuko kwa visigino. Vilipasuka kwa mlio wa bisi, na maji ya chai yakaturukia miguuni mpaka magotini. Shangazi alifanya kazi ile midomo imekazwa, na mara moja tu alisimama akageuza uso. Jioni ilipokaribia tulikuwa hatujamaliza hata upande mmoja, na mianzi iliyo katikati hatungeweza kuipanda. Huko juu, kwenye mbeta zilizokwama kwenye matawi, niliona utando. Vingine vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

"Tutarudi kesho," alisema. "Na kesho kutwa. Hatumwambii mtu. Kesho anamwagia kwa mama Imelda, hao ndio wa mwisho. Unataka wanywe sumu kwa sababu yangu?"

Nilikwenda kwa mama Imelda usiku haujaingia. Sikumuaga shangazi. Nilimkuta nje ya hema lake anakoroga uji kwenye sufuria kubwa, sufuria ya msibani, uji wa ulezi wenye sukari. Mumewe alikuwa anaguna ndani.

"Umekuja kunisaidia kukoroga?" alisema. "Ni wa wageni wa kesho. Sitaki kuwa na mkono mfupi kuliko wenzangu."

Nikauliza wenzake gani. Akashangaa kwamba sijui. Kwa katekista wamewapa maziwa mgando. Kwa akina Kindole wamewapa viazi na asali. Yule bibi kikongwe wa kisimani, ambaye hana kitu, aliwatemea miwa aliyoitafuna mwenyewe, kwa kuwa aliona hawana meno. Kila mmoja alifanya kwa siri ili asionekane anajivuna, kisha kila mmoja akamwambia mwenzake kisimani.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu mbeta na mbawa, kuhusu ng'ombe wa akina Ndahani. Nilinong'ona, kwa sababu ya aliye ndani. Mama Imelda aliacha kukoroga. Uji ulishika chini, ukaanza kunuka moto, na hakuutoa.

"Nani mwingine anajua?"

"Shangazi."

"Na ukisema, tenki linamwagiwa chokaa. Na ghala langu linabaki kama lilivyo."

"Ndiyo, mama."

Alitazama mawingu kilimani. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa.

"Nzi nitampepea mume wangu. Nitakaa hapa na khanga mchana na usiku, nitampepea. Maji nitayapepea na nini, Batilda?"

Kutoka ndani baba Imelda akauliza ni nani. Akamjibu kwamba ni mtoto wa Onorata, amekuja kuwajulia hali. Yeye akasema niingie basi, mbona nasimama nje kama mwizi. Niliingia. Shuka lilikuwa limeshikana na mgongo wake, na kwenye ncha lilipojikunja niliona nyama yenye rangi ya embe lililooza, ina unyevu, inapumua naye. Nzi wawili wa kawaida walikuwa wametua. Hakuwahisi. Aliniuliza kama nyumba yetu imeshasafishwa, nikasema imeshasafishwa. Akasema Mungu awabariki wale wadudu, maana hata binadamu hawafanyi hivyo.

Nilitoka nikatema mate, nikatema tena. Hayakwisha.

*

Asubuhi watu wote walikusanyika kwa mama Imelda kuona umwagaji wa mwisho. Ghala lilikuwa bonge jeusi lenye mapovu magumu ya bluu na kijani, na hewa juu yake iliuma macho. Ndahani alipanda kwenye ngazi ya tenki. Alisema kabla hajafungua koki anataka kuuliza jambo moja, na hakunitazama wakati anasema, jambo ambalo nililishukuru.

"Kuna aliyewalisha?"

Katekista alitazama viatu vyake. Bibi wa kisimani alikuwa anatafuna kitu taratibu. Shangazi alisimama pembeni yangu, mkono wake ukiwa umegusa wangu, haukunibana, uligusa tu. Ng'ambo ya ghala mama Imelda alikuwa amesimama na sufuria yake imefunikwa kwa sahani, na alikuwa ananitazama mimi peke yangu.

Ndahani alisubiri. Kisha akasema vizuri, akashika koki.

Sijawahi kuongea mkutanoni. Kanisani hata maombi ya waamini nilikuwa nikiyakwepa. Nilifungua mdomo na haikutoka sauti, nikahisi ladha ya maji yale ya chai kana kwamba nimeyanywa, na neno likatoka pamoja na kichefuchefu.

"Kwetu."

Alinisikia. Mkono wake uliachia koki.

"Kwenu tu?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Nyumba yetu ni yangu kuisema. Ningeishia hapo, wangekuja na chokaa kwenye mianzi yetu, na labda angemwaga tenki kwa mama Imelda kwa kuwa sisi tulikuwa wa kwanza na wa mbali. Na katika nyumba za wengine, kwenye migomba inayochipua upya na kwenye paa za mahema, vingefunguka vyeusi kimoja kimoja. Mama Imelda alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingeona.

"Kila nyumba," nilisema. "Isipokuwa hii."

Ndahani alishuka, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akavua glavu zake moja baada ya nyingine.

"Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia kila mlango."

"Ulituambia," alijibu shangazi Onorata. Alikuwa ameondoa mkono wake. "Na wewe mwenyewe uliniambia umeshiba, mwanangu, ukala sahani nzima. Tungejuaje ni lipi unalosema kwa adabu na lipi unalosema kwa kweli?"

Nilidhani Ndahani atakasirika. Alifunika uso kwa viganja, na aliposema tena ilikuwa kwenye redio yake, kuita chokaa.

*

Walikuja watu wa idara wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Mianzi yote ya shangazi waliikata, wakaitupa shimoni na mbeta zake, wakaimwagia chokaa na maji. Shimo lilichemka. Vilivyokuwa ndani vilipasuka, na povu lilipanda juu la kahawia, likashuka, likapanda tena. Kwenye nyumba nyingine walikuta vifukofuko chini ya mawe ya mafiga, kwenye mikunjo ya majani ya migomba, ndani ya kengele ya kanisa iliyoanguka. Kimoja kilikuwa kimeshapasuka na ganda ni tupu. Walilitafuta ganda la pili kama hilo mpaka jua likazama, hawakulipata.

Tenki walilifungua kwa juu. Walaji ambao hawakuonja kitu walimwagiwa pamoja na wengine. Nilijilazimisha kutazama. Walijikunja, wakainua vile vichwa vyeusi wakavigeuza huku na huku, kisha wakawa uji mweupe. Shangazi naye alikuwepo. Alisema, bila kunielekea, kwamba waliokuja kutusaidia tumewaua, na sisi ndio tumebaki wachafu. Tangu hapo ameniongelesha mambo ya lazima tu.

Ndahani aliondoka na tenki tupu. Aliniachia glavu zake bila maelezo, na kabla hajapanda gari alinionyesha mahali ambapo watu wa idara walikuwa wamechimba shimo la zege kwa ajili ya mkate wa kwa mama Imelda, ambao sasa haungepatikana.

Mawingu yalikuwa yamefika kwenye vilele vya misonobari iliyoungua. Nilivaa glavu zile, nikafunga khanga puani na mdomoni, nikachukua koleo na ndoo ya chuma, nikapanda kwa mama Imelda. Sikumwambia mtu. Nilijua kwamba kwa mikono yangu nisingemaliza hata robo, na nilijua yaliyowapata wale wa bonde lile waliozoa kwa majembe. Bonge lile la bluu lilipopigwa koleo lilipasuka, na ndani yake lilikuwa laini, lenye nyuzi, lenye joto bado. Mvuke wake uliingia kwenye khanga. Nilikohoa nikatema kitu cha kijani. Nyuma ya ghala kulikuwa na nguruwe wao, hawajaguswa na yeyote, wamelainika, na nilipomshika wa kwanza miguu ili nimvute, miguu ilibaki mikononi mwangu.

Niliketi chini nikalia kwa kinyaa. Sikulia kwa huzuni. Kisha nikainuka.

Mama Imelda alitokea njia ya mahemani. Alikuwa amejitanda, na mkononi alikuwa na ile khanga aliyokuwa akimpepea nayo mumewe. Alisimama mbali, upande upepo unakotoka. Nilimwamkia. Hakuitikia. Alitazama ndoo yangu, akatazama nilipokuwa nimechimba, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemtazama mlaji.

Nilisubiri aniambie niondoke kwake. Badala yake aliinua mkono akaonyesha kona ya chini ya ghala, iliyo karibu zaidi na chemchemi, ambako majivu yalikuwa meupe kama unga.

"Zile kali zilikuwa pale," alisema. "Za chupa. Hapo unapochimba ni mbolea tu. Anzia pale."

Tone la kwanza lilianguka kwenye mpini wa koleo. Nilibeba ndoo, nikashuka mpaka kwenye ile kona, nikaanzia pale.